Siri ya Mwanangu Niliyoimwaga Mbele ya Kamera

Mwenye kosa ni mie, simsingizii mtu. Jina langu liacheni, sura mnaijua: miaka nenda rudi nimekuwa mama mkwe mkorofi kwenye runinga zenu. Hata sokoni Tandale wauza nyanya hunizomea, na mie hucheka!

Wengi hamjui tamthilia zetu zinavyorekodiwa. Hupewi maneno. Dairekta anakwambia, "Mama, hapa unamsuta mkweo," basi, maneno utayajua mwenyewe.

Siku hiyo sikuwa nayo. Tunarudia, tunarudia, dairekta anasonya, wasichana wananong'ona kwamba bibi kachoka. Iliniuma! Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwanaume mzima! Kila asubuhi unapigiwa pasi shati la kazini, kumbe kazi huna, unavuka Kigamboni kushinda kwa kaka yako!"

Wakapiga makofi. Jamani, sikuyatunga yale! Juzi yake tu mwanangu alikuja kwangu Temeke akilia: mumewe kaachishwa kazi, anaona aibu kusema, na yeye mkewe anajifanya hajui ili asimvunje moyo. Aliniambia mie peke yangu.

Nilijua yanipasa nimwombe dairekta aikate sehemu ile. Sikumwomba. Ilikuwa tamu mno, na nilikuwa na njaa ya kusifiwa. Huo ndio ukweli!

Ikarushwa hewani wakati mwanangu, mumewe na wakwe zake wote wamekaa sebuleni kwao Kinondoni. Mkwe wangu akamgeukia mwanangu: "Kumbe ulikuwa unajua, ukanipeleka kwa mamako nikawe kichekesho cha nchi nzima." Akafunga begi, akaondoka.

Kile kipande bado kinazunguka kwenye simu za watu. Wananisimamisha njiani, "Mama, tufanyie ile ya Kigamboni!" Natamani niwatukane.

Nikaenda kuomba radhi. Nililia mpaka mtandio ukalowa. Mwanangu akaniangalia, akasema:

"Mama, hivyo hivyo ndivyo ulivyolia kwenye ule msiba wa kwenye tamthilia. Sasa mie nitajuaje?"

Ole wangu! Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wasanii wenzangu, na nyie mnaopenda kuwachekesha watu barazani, maneno yakikukimbia, nyamaza. Waache waseme umechoka, umezeeka, umekwisha. Ya mwanao usiyaguse! Mie walinipigia makofi, na mwanangu hapokei simu yangu.