Fundi Kisigino na Muhuri wa Italia

Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho, na huko libaki. Mtaa mzima ulimwita Kisigino, kwa sababu alikuwa mfupi na kila jozi aliyojishonea mwenyewe aliiongezea kisigino kidogo, akidhani watu hawaoni. Watu waliona. Hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Lakini kwa ufundi, jamani, tuseme ukweli: hata waliomchukia hawakuthubutu kumkosoa. Tatizo ni kwamba ufundi na riziki ni ndugu wasiosalimiana, na ndani ya nyumba ya Kisigino walikuwa wamenuniana miaka mingi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye mlango wa bati na dirisha la nondo. Ndani kulikuwa na cherehani nzito ya ngozi, rafu ya kalibu za mbao za kuundia viatu, zimepangwa jozi jozi, kopo la gundi lililoganda mdomoni, na harufu ya ngozi inayomfanya mgeni apige chafya na ambayo mwenyeji haisikii tena. Zamani mafundi waligombania benchi humo. Sasa alibaki na mshonaji mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, waliyemwita Bubu kwa sababu hajawahi kunyamaza.

Kuna jambo lazima nilieleze mapema, maana bila hilo hutanielewa. Mafundi wote wa mtaa ule walivigonga viatu vyao muhuri wa Italia. Ndiyo, Italia. Ni kipande cha shaba chenye herufi, kinapashwa moto kwenye jiko la mkaa, kisha kinakandamizwa kwenye soli ya ndani, pale unapokaa unyayo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika huko, na Bubu aliapa kwamba ni jina la kiwanda. Usiwacheke haraka. Mteja akiingia, akakipenda kiatu, akakipinda, akakivaa, akatembea nacho mpaka mlangoni na kurudi, kisha akachungulia ndani na kukuta patupu, aliuliza, "Kumbe cha hapa hapa?" na kukirudisha mezani kwa vidole viwili. Akikuta Italia, alitoa pesa huku anatabasamu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuuza viatu.

Basi hivyo ndivyo watu walivyoishi, mpaka nchi za kanda ile zikatia saini mkataba wa biashara huria. Redioni walishangilia wiki nzima. Mtaani watu waliuliza bei ya sukari itashuka lini, wakarudi kwenye shughuli zao. Kisha yakaja malori. Nchi ya jirani ilikuwa na kiwanda kikubwa cha viatu, na sasa viatu vyake vilivuka mpaka bila ushuru, vimo ndani ya maboksi yenye karatasi laini, kwa bei ambayo Kisigino asingeweza kununulia hata ngozi. Wateja wakapungua, wakapungua tena, mwisho wakabaki wale wa kubandika soli. Mwenye nyumba akaanza kupita pita, akipima ukuta kwa macho. Alikuwa amepata mfamasia anayekitaka chumba kile cha mbele.

Sisemi kwamba mkataba ulikuwa mbaya. Ningesema hivyo, shemeji yake Kisigino angenisuta hadharani. Huyo alikuwa kaka wa mkewe, fundi wa majokofu, mtaani wanamwita Barafu. Mkataba ulifungulia mipaka hata watu wa huduma: fundi mwenye leseni ya kwao angeweza kufanya kazi kwa jirani bila kuzungushwa. Barafu akapata hoteli moja ng'ambo ya pili, ikamtambulisha kwa nyingine, na kabla watu hawajamaliza kumwonea wivu, tayari ana gari lenye jina lake ubavuni na ghala la vipuri. Mtu huyo huyo aliyekuwa akija kuomba chumvi.

Kwa haki yake, hakumsahau dada yake. Siku moja alikuwa ng'ambo akitengeneza jokofu la mama mmoja mwenye duka kubwa la vifaa vya shule. Amelala chini, miguu imetokeza nje, yule mama akaviona viatu vyake vyeusi. Akauliza nani kavishona. Barafu akavua kimoja akampa, akabaki na soksi yenye tundu. Alirudi na habari kamili: mama anataka viatu vya wanafunzi, mzigo mzima, vifike kabla shule hazijafunguliwa. Vikimfaa, kila muhula atachukua kwa Kisigino.

"Shemeji, ushuru hakuna," Barafu alisema, amekaa kwenye benchi la Bubu. "Unachotakiwa ni cheti kwamba kitu kimetengenezwa ndani ya kanda. Afisa biashara anatoa. Mimi nimevuka mara ngapi sijui, hakuna aliyeniuma."

"Wewe unavuka na bisibisi," Kisigino akamwambia. "Mimi nitavuka na ng'ombe mzima."

Lakini usiku huo huo alimwambia mkewe, na mkewe alijua hesabu ilivyo bila kuandikiwa. Mzigo ukifika, chumba kinabaki na mumewe anabaki fundi. Usipofika, mfamasia anaingia. Mwenye nyumba alikubali kungoja mpaka shule zifunguliwe, si zaidi, na alikubali huku anatazama saa.

Afisa biashara alikuja mwenyewe, kijana mpole mwenye mkoba. Akagusa ngozi akauliza inatoka wapi, akaambiwa kwa mchuna ngozi wa mtaa wa pili. Akauliza soli, uzi, gundi. Vyote vya ndani ya kanda. Akafurahi kana kwamba karakana ni yake. "Mzee, watu kama wewe ndio mkataba huu uliandikiwa," alisema, na Kisigino, ambaye hakuzoea kuandikiwa kitu, akaona haya kwa furaha. Cheti kikatoka.

Wakashona. Mkewe alikata nyuzi na kufunga kamba, Bubu alishona na kuongea, Kisigino alivuta ngozi juu ya kalibu mpaka vidole vikapasuka. Viatu vilitoka vizuri mno. Nimeshuhudia kazi nyingi, na zile nasema zilikuwa kazi. Mwishoni kabisa, vikiwa vimepangwa sakafuni vinang'aa, Bubu akasema, "Fundi, hivi vinaenda nje ya nchi. Muhuri wa kawaida utatuaibisha. Tutie rangi ya dhahabu."

Afisa biashara alikuwa ametoa cheti kabla hata kiatu kimoja hakijagongwa. Na Kisigino, nakuapia, hakufikiri hata kidogo. Kwake muhuri haukuwa maneno. Ulikuwa hatua ya mwisho ya kazi, kama kupiga kiwi. Ungemwambia apeleke kiatu bila muhuri kwa mteja wa heshima, angekuuliza kama wewe huenda harusini bila kufunga vifungo. Akapasha shaba moto, akagonga kiatu kimoja kimoja, akapitisha rangi ya dhahabu kwa brashi nyembamba. Mkewe alisimama mlangoni akasema, "Vimependeza." Naye aliamini.

Mpakani walifika asubuhi, yeye na dereva wa lori dogo. Malori makubwa yalikuwa yakipita bila kusita, mengine yakiingia, mengine yakitoka, na Kisigino aliyatazama kwa mara ya kwanza bila chuki, kwa kuwa sasa naye alikuwa mmoja wao. Mkaguzi wa forodha alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga miwani kwa kamba shingoni. Akasoma cheti, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua boksi, akatoa kiatu, akakipinda. "Kazi safi, mzee wangu." Kisha akachungulia ndani.

Alichungulia muda. Akatoa cha pili, akachungulia. Akavaa miwani.

"Baba, cheti kinasema umevitengeneza wewe. Kiatu kinasema Italia. Nimwamini nani?"

Kisigino akacheka, maana alidhani anatania. Alipoona hatanii, akajigonga kifua kwa kidole. "Mwanangu, hiyo Italia ni mimi," akasema.

Wapagazi waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na mkaguzi mwenyewe akauma midomo. Kisigino akaeleza. Akaeleza wateja, akaeleza patupu, akaeleza kwamba mtaa mzima unafanya hivyo na hakuna aliyewahi kuudhika. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujizamisha, kwa sababu mbele ya forodha alikuwa anakiri kwa kinywa chake kwamba maisha yake yote amewadanganya wanunuzi. Akatoa mfukoni msharasi wake wa kutobolea ngozi, akaomba ngozi, akasema atashona kimoja pale pale waone.

"Nakuamini, baba," mkaguzi akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Nimeiona mikono yako. Lakini mimi nikipitisha hivi, kesho watu wataleta vya nje ya kanda kweli na cheti kama hiki, na wataniambia mbona ulimpitisha yule mzee. Nilipaswa kuvikamata. Geuza gari. Rudi navyo nyumbani, uvitoe hilo jina, uombe cheti upya."

Alimfanyia hisani, na alijua. Hisani hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Angetukanwa, angepata pa kushika.

Muhuri wa moto haufutiki. Walijaribu msasa, ngozi ikatoka nyuzinyuzi. Walijaribu rangi, ikapasuka. Ikabidi kung'oa soli ya ndani ya kila kiatu na kuweka nyingine, na kila iliyong'oka ilivuta gundi na uzi, na viatu vile vilivyosimama vizuri vikaanza kukaa upande. Bubu alifanya kazi hiyo amenyamaza. Hapo mkewe Kisigino akajua kwamba mambo yameharibika, akaingia jikoni akalia peke yake.

Cheti kipya kikatoka, na afisa biashara alikitoa bila kuwatazama usoni. Lakini shule zilikuwa zimefunguliwa. Barafu akapiga simu kwa yule mama, akaweka sauti wazi ili wote wasikie. Mama alizungumza kwa adabu. Alisema alisubiri sana, watoto walikuwa wanakuja na wazazi wao, akachukua vya kiwandani. Alisema pole. Alisema pia, kabla ya kukata, kwamba jokofu lake limeanza tena kelele na Barafu aje.

Mfamasia aliingia mwisho wa mwezi. Cherehani ilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma, kwa sababu hakuna fundi mtaani aliyekuwa na shughuli ya kuihitaji. Viatu viligawiwa kwa ndugu na jirani, na Kisigino akavuka barabara kila alipomwona mtu amevivaa. Bubu alikwenda kukaa kwa mwanawe.

Barafu hakumwacha. Ghala lake lilihitaji mlinzi, na alilisema jambo hilo kwa kuzungukazunguka, akiangalia chini. "Ni kukaa mlangoni tu, shemeji. Heshima yako iko pale pale." Kisigino akasema haina neno. Sare ilikuja ndani ya mfuko: shati, suruali, mkanda, na boksi la viatu vyeusi vya kiwanda cha jirani, vyenye karatasi laini.

Asubuhi ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda akakitoa kiatu kimoja. Tangu vilipoanza kuingia nchini hakuwahi kukishika hata kimoja, alivitukana kwa mbali. Sasa alikigeuza. Alikipinda, akabonyeza pua, akavuta mshono kwa ukucha, akaingiza mkono ndani akapapasa kila kona, akanusa gundi. Mkewe alikuwa amesimama na chai mkononi. Alimjua mumewe. Alijua akipewa kiatu cha mtu mwingine hawezi kumaliza pumzi mbili bila kukikosoa, na asubuhi ile alitamani kumsikia akikosoa kuliko alivyotamani chakula.

"Kibovu, eh?" akamsaidia. "Hakitafika mvua."

Kisigino alikitazama tena, upande huu na upande ule.

"Hapana, mama watoto," akasema. "Wamekishona vizuri. Sikioni kosa."

Akavivaa vyote viwili, akafunga kamba, akanywa chai yake akiwa amesimama, akaenda kazini.