Wiki Sita za Kukaa

Daktari aliyenizuia kazi alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili, na alinizuia bila kupandisha sauti. Alinivua kitambaa cha kupimia presha, akaandika, akasema moyo wangu umechoka na nikiendelea hivi nitaanguka. Nikae nyumbani wiki sita. Nikamuuliza kama mbili hazitoshi. Aliniangalia jinsi mimi ninavyomwangalia dereva anayetaka nimpokelee samaki walioharibika. Kisha akauliza nyumbani kuna nani.

"Kuna mimi," nikamjibu.

Akaandika na hilo.

Kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kazi yenyewe haina siri: samaki wanaingia kwenye barafu, wanapigwa minofu, wanatoka kwenye barafu, na katikati pale kila dakika ni hasara. Nimezeeka nikiwahimiza watu. Nilipoanza nilikuwa mtu mpole, mama yangu angeapa kwa hilo, lakini saa ya ukutani na barafu inayoyeyuka vimenipa ulimi mkali na tabia ya kumaliza sentensi za wenzangu. Wafanyakazi walinipa jina la utani ambalo walidhani silijui. Nililijua, na kusema kweli nililipenda.

Mke wangu yuko Dodoma. Ni afisa ardhi, alihamishiwa huko miaka sita iliyopita, na watoto wote wawili wana maisha yao mbali. Ndoa za namna hii ziko nyingi siku hizi, mmoja huku, mwingine kule, na sikuwahi kuiona yetu kuwa ina tatizo. Nilimpigia simu kila siku iendayo kwa Mungu. Wenzangu wenye wake hukohuko Dodoma au Dar walikuwa wanapitisha wiki nzima kimya, mimi hapana, na nilijisifia hilo hadharani. Sasa naweza kusema wazi kwamba nilikuwa karibu kumpoteza, na kwamba hatukuwa tumegombana hata siku moja.

Wiki ya kwanza sikupumzika. Nilitengeneza bomba la jikoni. Nilipaka rangi geti. Nilipanda kwenye mnara wa tangi la maji, mtu wa presha mimi, kwa sababu nilisikia maji yakidondoka. Nilipokosa kitu cha kutengeneza nilikaa kwenye kochi na hapo ndipo nilipoijua nyumba yangu. Nimejenga Buhongwa, nimeishi humo miaka kumi na moja, na sikuwa nimewahi kuwa ndani saa nne asubuhi siku ya kazi. Sikujua kuwa jua la saa hiyo linaingia hadi sebuleni na kwamba pazia la upande ule limepauka lote. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kazini na shuleni. Friji ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Nilijikuta nasubiri ingurume.

Nilikuwa mpweke, ndivyo ilivyokuwa, na nilishangaa kwamba upweke unaweza kumkuta mtu kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Daktari alikuwa amesema nitembee polepole asubuhi, ikiwezekana kando ya ziwa. Nikachukua bajaji hadi Malimbe, nikashuka kuelekea majini. Nilitembea kama ninavyotembea kiwandani, kichwa mbele, nikiwapita wanawake waliokuwa wakifua na vijana waliokaa juu ya mawe wakitazama simu zao. Nilifika mwisho wa njia, nikageuka, nikarudi, nikaangalia saa. Dakika kumi na nane. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana, nafanya mazoezi ya kupumzika. Alicheka mpaka akaweka beseni chini, na mimi nikakasirika njia nzima ya kurudi, kwa sababu nilijua alikuwa na haki ya kucheka.

Wiki ya pili jirani yangu akaja kunijulia hali.

Huyu jirani ni mwalimu wa walimu, anafundisha chuoni kule Butimba. Ni Msukuma, mtu wa makamo kama mimi, na nyumba zetu zinatenganishwa na uzio wa michongoma. Kwa miaka yote tuliyokaa pale mazungumzo yetu yalifanyika getini kwangu asubuhi, mimi nikiwa ndani ya gari, injini inanguruma. Alikuwa akisimama pembeni ya mlango na kunipa mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kisha habari za kuamka, za nyumbani, za kazi. Mimi nilikuwa nikijibu nzuri, nzuri, nzuri, kwa mkupuo, hata maswali ambayo hakuwa ameyauliza bado. Nilidhani huo ni uchangamfu.

Siku hiyo alikaa kwenye kochi. Nilimpa chai, akanywa. Akasifu chai. Akauliza presha, nikamweleza. Baada ya hapo akanyamaza, akatulia tuli, mikono magotini, kama mtu aliye kwake. Kimya kile kilinitesa. Kiwandani mtu akija ofisini kwangu akakaa bila kusema, ujue mashine imekufa au mtu amekatwa kisu. Nikamuuliza ana shida gani. Akasema hana shida, amekuja kuniona. Nikamuuliza kama anahitaji kitu chochote. Akasema hapana. Tukazungumzia mvua, tukazungumzia barabara ya Shinyanga na malori yake, tukazungumzia mihogo aliyopanda nyuma ya nyumba na panya wanaoila. Mara tatu nilitaka kusimama nikajifanye nina jambo la kufanya, na mara tatu nilikumbuka kwamba sina.

Ilipita kama saa nzima. Chai ilikuwa imepoa. Ndipo aliposema, kwa sauti ileile ya panya na mihogo, kwamba kwake ni wazima wote, wanaendelea vizuri, ila macho yake yanakufa.

Ni presha ya macho. Ilianza zaidi ya mwaka mmoja nyuma, akaambiwa ahudhurie kliniki bila kukosa. Alikuwa akiona ukungu asubuhi na alihofia kuvuka barabara kubwa peke yake, na kwa kuwa mimi napita karibu na hospitali kila siku alikuwa ametaka kuniomba niwe namchukua kwenye gari. Chuoni hakuwa amemwambia mtu. Masomo aliyahifadhi kichwani, anafundisha akiwa ameshika kitabu asichokisoma. Kliniki alihudhuria mara chache, nyingine nyingi akakosa. Sasa jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, nadhani, maana ndiyo sauti niliyo nayo.

"Nilikuja mara nne, jirani," akasema. "Nikiwa bado nakusalimu, ulikuwa umeshapandisha kioo."

Hakusema kwa lawama. Angelaumu ningejua la kujibu, nina majibu mengi ya kujitetea. Aliniuliza tu kama kuna chai nyingine ya moto.

Kila mtu aliyekulia huku anajua namna habari mbaya inavyoingia nyumbani kwa mtu. Haitangulii mlangoni. Unaanza kusema ni wazima, hata kama kuna maiti ndani, unajibu nzuri na salama na tunamshukuru Mungu, na mwenzako naye anajibu, na mkishamaliza mzunguko huo, mkishakaa kidogo, ndipo unaposema lililokuleta. Mama yangu alikuwa anaweza kukaa na mgeni mchana kutwa, wakitafuna buni kutoka kwenye kikapu kidogo kama desturi yetu Wahaya, kabla mgeni hajasema ng'ombe wake amekufa. Mimi nayajua haya tangu utotoni. Nilichofanya kwa miaka ishirini na mbili ni kusikiliza ile nzuri ya kwanza na kuondoka nayo. Nilikuwa nimekusanya nzuri za watu wote wa Mwanza, na sikujua habari ya mtu hata mmoja.

Nilikubaliana na jirani kwamba tangu wiki hiyo nitakuwa nampeleka kliniki mwenyewe, na kwamba nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Akashukuru, akaaga, nikamsindikiza hadi getini kwake nikimshika mkono pale penye mfereji. Niliporudi nilikaa tena kwenye kochi langu. Na mtu niliyemfikiria, kabla hata sijavua viatu, alikuwa mke wangu.

Simu zetu za kila siku zilikuwa hivi. Nilipiga saa mbili kamili usiku, zamu ikiwa imekabidhiwa, nikitembea kuelekea kwenye gari. Habari za huko? Nzuri. Kazi? Nzuri. Umekula? Ndiyo. Haya, lala salama. Nilikuwa nimemaliza kabla sijafungua mlango wa gari. Miaka sita. Nilijaribu kukumbuka jambo moja alilowahi kuniambia kwenye simu zile, hata dogo, hata la mpangaji mwenzake au la mvua ya Dodoma, nikakosa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari.

Nilimpigia saa kumi alasiri. Alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Kuna nini, baba watoto?"

Nikamwambia hakuna kitu. Nimepiga tu. Nilimsikia akishusha pumzi, kisha akauliza kama nimemeza dawa. Nimemeza. Nikamuuliza habari za huko. Nzuri, akasema, na palepale akaanza kufunga mazungumzo, nisijichoshe, nikalale, yeye bado yuko ofisini. Aliifanya kazi hiyo vizuri na upesi, kama mfanyakazi niliyemfundisha mwenyewe. Nikamwambia sina haraka. Akasema sawa. Halafu hakusema kitu.

Nilisikia kiti kikisogezwa, mlango ukifunguliwa na kufungwa, nikajua ametoka nje kwenye korido. Hakusema kitu huko nako. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kuuliza kama gesi ya kupikia haijaisha, nilitaka kumweleza habari ya geti nililolipaka rangi. Niliung'ata ulimi kwelikweli, maumivu niliyasikia. Na jirani nilikaa saa nzima kwa kukosa pa kwenda. Hapa nilikuwa nakaa kwa kutaka, na ilikuwa kazi nzito zaidi.

"Nzuri," akasema tena, polepole. "Ila mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji."

Ulikuwa uvimbe tumboni. Walimlaza siku nne. Dada yake alitoka Bukoba, akapanda meli hadi hapa Mwanza, akapanda basi asubuhi yake kwenda kumuuguza, akapita mji huu ninaoishi bila kunibishia hodi kwa sababu alikuwa ameombwa asinibughudhi. Uvimbe ulipimwa, haukuwa wa kutisha. Alinieleza yote kwa sauti ya kawaida, kwa mpangilio, kama anayesoma faili la kiwanja cha mtu. Mimi nilikuwa napiga hesabu tofauti. Siku hizo nne nilikuwa nimempigia zote, sijakosa hata moja. Alikuwa amenijibu nzuri akiwa kitandani na mshono tumboni.

Nikamuuliza nani alitia saini hospitali. Sijui kwa nini nilishika hilo. Labda kwa sababu kazi yangu ni ya saini.

Akasema ni dada yake. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika ndugu wa karibu, akaandika jina la dada.

"Mimi ni mumeo," nikasema.

"Najua. Nesi aliniambia niandike mtu anayeweza kuja."

Hakulia, na mimi sikulia wakati huo. Nilibaki na simu sikioni nikiangalia kochi la mbele yangu alipokuwa amekaa jirani. Nilitafuta neno la kumwambia na kila lililokuja lilikuwa la kujitetea, kwa hiyo sikulisema. Mwishowe nilimwomba anisimulie tangu siku ya kwanza alipousikia huo uvimbe, alikuwa wapi, alimwambia nani, aliogopa nini. Nikamwambia nina mwezi mzima wa kukaa na baada ya huo nitaomba mwingine, na kama atataka nije Dodoma nitakuja.

Akasema atanisimulia, lakini siyo leo.

Nikasema nitasubiri.