Gia ya Pili katika Mteremko wa Mwera

Ka-ka-ka-ka: mlio mkavu, wa haraka, kutoka chini ya goti langu la kushoto. Ulianza katika mteremko mmoja kabla ya kufika Mwera, mara tu nilipoachia mafuta na kushuka kutoka gia ya nne hadi ya tatu, kisha ya pili, ili injini yenyewe ipunguze mwendo. Nilisimama kando ya barabara nikazima.

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama, aliyenilea Makorora tangu darasa la tatu. Aliniazima kwa majuma mawili ili nizungukie visima vya Pangani kupima chumvi ya maji kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Aliponikabidhi ufunguo alitoa sharti moja: kwenye mteremko niweke fri, gia isishike, pikipiki iserereke yenyewe, na breki ifanye kazi iliyobaki.

"Injini si mbuzi wa kuvutwa kamba," alisema. "Ukiizuia kwa gia, utaiua."

Yeye na wenzake wa kijiweni wana mashindano yao ya miaka mingi: mtu huzima injini juu ya kilima, na anayeserereka mbali zaidi kabla ya kuwasha tena ndiye bingwa. Mjomba ndiye bingwa.

Nilimkaidi kwa makusudi. Nilikuwa nimesoma kwamba gia zikishushwa moja moja, kwa mwendo unaolingana nazo, injini haidhuriki. Hoja ile niliiona timamu nikiwa mezani. Pale barabarani, baada ya mlio, sikuiamini tena. Nilifungua daftari la visima nikaorodhesha yanayoweza kuwa yamevunjika, kuanzia pistoni hadi meno ya gia, na kila nilichokiandika kilinitisha zaidi ya kilichotangulia. Nilirudi mjini, nilikopanga chumba, taratibu mno, hata baiskeli zikanipita.

Kesho yake nilimpelekea fundi mmoja wa Usagara, Mpemba wa makamo asiyecheka anapotania. Nilimwamkia shikamoo, nikamsimulia yote kwa mpangilio, pamoja na mwendo niliokuwa nao katika kila gia. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha nikamuuliza kama nimeiua injini.

"Injini hii itakuzika wewe na tasnifu yako," akajibu.

Akainama, akainyanyua cheni kwa kidole kimoja. Ilikuwa imelegea kama mkufu. Alinieleza kwamba mtu akiachia mafuta huku gia imeshika, gurudumu ndilo huisukuma injini; cheni iliyolegea hurukaruka ikapiga kava lake. Ubovu ulikuwapo kabla yangu. Gia iliutangaza tu. Ningeshuka ghafla hadi gia ya kwanza nikiwa kasi, hapo ndipo ningeiumiza injini, na gurudumu la nyuma lingeteleza likaniumiza na mimi.

Nilitaka kumshukuru, lakini alikwisha kulifungua gurudumu hilo na utani ulikuwa umemtoka. Alinionyesha breki shuu, zile pande mbili zinazobana gurudumu kwa ndani. Zilikuwa zimelika hadi kubaki unene wa ukucha.

"Mwenyewe hushuka fri?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Basi breki peke yake ndiyo inayombeba. Mwambie, dada."

Aliweka mpya na kukaza cheni. Siku zangu za kuazima zilikuwa zikiisha Alhamisi. Ningeweza kuirudisha pikipiki ikiwa kimya, mjomba asijue lolote, nami nisionekane mkaidi. Lakini Ijumaa baada ya swala angempakia mkewe kumpeleka Mwera kwa mama mkwe, kwa mteremko uleule, fri. Shuu mpya nazo zingelika. Kwetu, mtoto hamfundishi aliyemlea namna ya kuendesha. Na mimi, kabla ya kumfundisha, ilinilazimu kwanza kukiri kwamba sikumtii. Jumatano nzima niliandika maneno ya kumwambia. Nakala ya tatu ilikuwa na utangulizi.

Alhamisi asubuhi niliiacha mezani nikapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa?"

"Haijafa. Lakini nimekuwa nikishuka kwa gia. Tangu siku ya kwanza."

Nikaendelea bila mpangilio wowote: shuu, ukucha, mkewe, Ijumaa. Nilimwomba asishuke tena fri. Nilisema naogopa, neno ambalo halikuwamo katika nakala yoyote.

"Gia ya ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Ya tatu, kisha ya pili. Polepole."

"Na injini haipigi kelele?"

"Inanguruma kidogo tu. Fundi anasema haidhuriki."

"Basi njoo leo alasiri unionyeshe. Wewe utaendesha, mimi nitakaa nyuma. Ila tutokee njia ya uani. Wale wa kijiweni wakiniona nimepakiwa na binti, nitahama Makorora."