Pilipili ya Kukhu Ilikuwa na Kitu

Mjukuu wangu ana kitu anachokiita salsa. Anachukua nyanya, kitunguu, dania, ndimu na pilipili, anasaga ndani ya mashine ya umeme, halafu anafunua kifuniko na kuniletea nionje. Juzi alipofunua, ile harufu ilinipanda puani nikainuka nikaenda kutema mate nje kama mwenye mimba.

"Shosho, nimeosha mikono," akaniambia. "Sasa unatema nini?"

Najua aliosha. Si yeye. Ni mambo ya zamani sana, na kwa vile sikumjibu yeye nitawajibu ninyi mnaosoma. Kuandika kwangu mtanisamehe. Shule niliacha darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililirudia. Pia kama unakula sasa hivi, weka hii karatasi kando, maliza kwanza, ndio urudi.

Tulikaa Kabiria, hapa Nairobi, miaka michache baada ya uhuru. Vyumba viwili vya udongo na mabati, jiko la kuni nje, na nyuma ya jiko mahindi ya mwenye nyumba, ambako tulikuwa tunaanguka kwa matope kila mvua ikinyesha. Baba alikuwa mtu wa maua Spring Valley, kwa mzungu mmoja mwenye mbwa wanne. Hao mbwa walikula nyama kila siku ya Mungu. Jioni tukikaa kula sukuma, Baba anatueleza walivyolishwa, nani amekataa mfupa, nani amekula maini, mpaka leo sijui alitaka tufurahi ama tulie. Lakini si mbwa nilitaka kusema. Nilitaka kusema bibi yangu.

Kukhu, hivyo ndivyo sisi wa magharibi tunavyomwita bibi, alikuwa mama yake Baba. Alikuja kwetu akiwa na kikapu kimoja na jiwe la kusagia amelifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akikutazama unadhani anatazama mtu aliye nyuma yako. Babu alikuwa amekufa, na ndugu yake Babu hakumtaka pale bomani. Alifungulia ng'ombe ndani ya mahindi ya Kukhu, halafu akang'oa mlango wa nyumba yake akaenda kuufanya wa zizi. Sikia hiyo. Mwanamke mzee, haoni, analala nyumba isiyo na mlango. Ndio Baba akamleta Nairobi.

Sasa Baba alikuwa ameokoka, na alikuwa ameokoka vibaya. Kanisa letu la pale Kabiria lilikuwa la mabati, dogo, lakini sheria zake zilijaa. Pombe hakuna, tumbaku hakuna, hata kunyoa kwa kuacha laini kichwani hakuna. Na Kukhu alikuwa amevuta ugoro tangu akiwa msichana. Siku ile ile ya kwanza, kabla hata hajamaliza chai, Baba alimkalia mbele akamwambia, "Mama, hapa ni kwako mpaka Mungu akuite. Lakini siku nitakuta tumbaku ndani ya hii nyumba, siku hiyo nakupandisha basi."

"Sawa, baba," Kukhu akajibu. Alimwita mwanawe baba, kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo akamdanganya.

Baada ya wiki moja aliomba kazi. Mama akamwambia apumzike, yeye akasema, "Macho ndiyo hayaoni, mikono inaona. Nipe pilipili nisage." Tukafurahi. Mama alifurahi kwa sababu kusaga pilipili ni kazi ya kulia. Baba alifurahi kwa sababu hakuweza kula ugali bila pilipili, na ya Kukhu ndiyo iliyomlea.

Nitaeleza alivyoitengeneza, halafu utaniambia kama ungekula. Alichukua pilipili kavu, zile ndogo za kuwasha, akazikaanga juu ya bati mpaka zikawa nyeusi na moshi wake ukatutoa wote mbio. Nyanya alizichoma ndani ya jivu. Alizimenya kwa kucha, na kucha zake zilikuwa ndefu na za manjano, na chini ya kila moja kulikuwa na kitu cheusi ambacho sikuwahi kuuliza. Kisha anapiga magoti mbele ya jiwe, anasaga pilipili na chumvi, anaongeza kitunguu, anaongeza nyanya, anakamua ndimu. Jiwe linalia krr, krr. Mchuzi ule mwekundu unashuka ukingoni, yeye anaurudisha kwa kiganja, kiganja anakilamba, anarudia. Anapiga chafya. Anapangusa pua kwa mkono ule ule. Anarudia.

Chafya hazikutushangaza, hata sisi tulipiga chafya tukiwa upande ule mwingine wa mahindi. Nani atasaga pilipili asipige chafya? Macho mekundu, pua inatoka maji, harufu kali, yote hayo ni pilipili. Hivyo ndivyo kila mtu alivyofikiri.

Lakini mimi nililala naye kitanda kimoja. Blanketi upande wake lilikuwa na madoa ya rangi ya chai ya rangi, magumu, ukigusa yanakwaruza. Wakati mwingine nilijikuta nimefunika uso kwa upande ule. Nilikuwa na miaka tisa hivi na nilimwombea Kukhu apande basi. Nasema ukweli, sina sababu ya kujipaka sukari sasa. Nilipiga magoti kanisani, nikafunga macho, nikaomba bibi yangu arudi kwenye nyumba isiyo na mlango ili nilale peke yangu.

Jumamosi moja nilitumwa kuni, nikarudi kwa kupitia ndani ya mahindi. Kukhu hakunisikia. Alikuwa amemaliza pilipili, bakuli limeshajaa na kuwekwa kando, lakini bado anasaga. Nikasogea. Juu ya jiwe, pale alipopangusa ule ute mwekundu, alikuwa ameweka majani ya tumbaku makavu na kipande cha magadi. Anasaga polepole, bila kelele, mdomo umekaza. Akamaliza, akazoa ule unga kwa kidole, akajaza kwenye pindo la leso. Uliobaki ukingoni akausukuma kwa kiganja, na kwa sababu haoni, ukaangukia bakulini, ndani ya pilipili yetu. Akakoroga. Halafu akavuta cha puani, kulia, kushoto, akainama kwa raha, na tone moja refu la kahawia likatoka puani, likaning'inia, likafikiria, likaanguka mle mle.

Sikutapika. Nilitamani, lakini haikutoka.

Mnaelewa sasa? Aliomba ile kazi ili apate mahali pa kujificha. Pilipili ilificha harufu, ikaficha chafya, ikaficha pua. Na mimi nikakumbuka vile pilipili yake ilikuwa na vidoa vyeusi na ladha fulani ya uchungu nyuma ya ulimi, na vile Baba alikuwa anasema, "Hii ya Mama iko na kitu."

Ilikuwa nayo, ndiyo.

Sikusema siku hiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini kila nikitaka kulitoa, lile tone lilikuja mbele ya macho nikafunga mdomo. Tena jirani mmoja alikuwa ameshampelekea Mchungaji sifa za hiyo pilipili, na Baba alikuwa anatafutwa kufanywa mzee wa kanisa, kwa hiyo Mchungaji akasema Jumapili atakuja na wazee wawili waone nyumba yake inaishi vipi. Na waonje hiyo pilipili.

Mchungaji wetu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso kubwa ya kupangusa jasho. Jumapili hiyo alikuwa amehubiri tumbaku. Alisema pua ya mtu iliumbwa kwa pumzi ya Mungu, si mahali pa kuwekea majani, na Baba alijibu amina kwa sauti kuliko wote. Baada ya hapo wakaja kwetu. Kuku alichinjwa. Ugali ukaletwa, mkubwa, na katikati ya meza lile bakuli. Kukhu alikaa mkekani karibu na mlango, mikono juu ya magoti.

Mchungaji alitowea mara ya kwanza. Akatowea mara ya pili. Jasho likatoka. Akasema, "Mama mzee, hii ni dawa. Naona hata kichwa kimekuwa chepesi."

"Hata mimi," akasema mzee mmoja, analamba kidole mpaka kwenye kifundo. "Ukiacha, mkono unarudi wenyewe."

Niliwatazama wakilamba. Nilitazama ile pilipili ikishuka kwenye kidevu cha Mchungaji, pamoja na vidoa vyake vyeusi.

"Rispa," Baba akaniita. "Mbona hutowei pilipili? Ama ya Kukhu haikutoshi?"

"Sitaki."

"Kula. Unamdharau mzee mbele ya wageni?"

Ndipo nikasema. Sikusema kwa ubaya, wala kwa wema. Nilisema kwa kinyaa tu.

"Iko na ugoro. Kukhu anasaga ugoro kwa hilo jiwe, na kamasi yake inaingia."

Ukitaka kujua nyumba inaweza kunyamaza vipi, sema neno kama hilo siku ya kuku. Mchungaji alikuwa ameshika tonge, akabaki nalo hewani. Baba hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyesimama stendi akingoja basi lijae. Kukhu akaikusanya ile leso yake chini yake polepole.

Mama alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. Aliliweka chini. Akaja mezani, akazamisha vidole vitatu kwenye bakuli, akachota pilipili peke yake, bila ugali, rundo, akaiweka mdomoni. Akatafuna. Akameza, akachota tena.

"Ugoro gani?" akasema. "Hizo nyeusi ni pilipili zimeungua. Mimi ndiye nilikaanga jana, moto ulikuwa mwingi. Mchungaji, nisamehe kwa huyu mtoto, siku hizi anadanganya mpaka naogopa." Kisha akanizaba kofi moja la shavu, lenye pilipili, nikaona nyota.

"Msimpige," Kukhu akasema pale mkekani, sauti ndogo. "Mtoto ni wangu."

Mzee mmoja akacheka. Mchungaji akasema watoto wa mjini wana maneno, akalimeza lile tonge. Baba akapumua. Halafu akanisogezea bakuli akaniambia nile mbele ya wote, nikala pamoja na machozi. Ladha yake sitaieleza. Nimeieleza vya kutosha.

Wageni walipoondoka nilimkuta Mama nyuma ya choo, ameshika ukuta, anatapika mpaka anapiga magoti. Nikafurahi. Nikasema moyoni, umeona sasa, umekula uchafu kwa ujinga wako. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyomweka Mama moyoni: mwanamke asiyejua ladha, aliyempiga mtoto kwa kusema ukweli.

Kesho yake Mama alileta jiwe la pili, dogo, kutoka mtoni, akaliweka kando ya lile kubwa bila kusema neno. Nilidhani ni la sisi kuchezea. Kukhu alilipapasa, akalizungusha, akalivuta kwake. Kuanzia hapo pilipili ikawa nyekundu tupu. Mchungaji alipokuja tena alionja, akaonja, akapangusa midomo akauliza, "Mama mzee, mkono umebadilika?" Hata Baba alilalamika. Kukhu alikaa kwetu miaka sita, akafia kitanda kile kile upande wake wa blanketi, na Baba akamzika kama mtu aliyeacha tumbaku.

Mama nilimwuliza nikiwa mama mkwe mwenyewe. Tulikuwa tunachambua mboga.

"Mama, ile siku ya Mchungaji, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ugoro."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyechelewa kutembea. "Rispa, yule mzee hata mlango alikuwa haoni. Ulidhani tumbaku inakuja na miguu yake? Nilikuwa nainunua sokoni Ngara nikienda kuchukua pilipili, zinafungwa gazeti moja."

Nikauliza kama mtoto wa miaka tisa. "Sasa ulikulaje?"

"Vibaya," Mama akasema. Akajishika koo. "Hata sasa ukitaja nasikia hapa. Sitamsema mzuri kwa sababu amekufa, alikuwa mchafu. Nikiona ile pua nilikuwa nasikia kufa. Lakini angerudi kwa nani?" Akaendelea na mboga zake.

Kinyaa hakijaniisha, na sidhani kitaisha. Lakini siku ile nilijua nilikosea hesabu ya watu. Miaka yote hiyo nilifikiri katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyekuwa na ulimi.