Radi ya Geita na Mashine Niliyoachiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka hata karatasi ikakataa kuingia kwenye taipureta. Ilikuwa Shinyanga mjini, kwenye ofisi ya wanunuzi wa pamba. Karani Mkuu, mzee mrefu asiyevua tai hata jua likiwaka vipi, alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. "Shikamoo yako nimeipokea," akasema. "Sasa nataka kuona vidole. Hapa ukikosea herufi moja, unarudia ukurasa mzima." Basi nyinyi vijana mnaoniuliza kama niliipenda kazi tangu mwanzo, jibu ndilo hilo. Niliiogopa. Na mtu kusimama nyuma yangu ni jambo nililoliogopa mpaka nikastaafu.

Pamba ilipodorora katika miaka ya tisini, ofisi ikapunguza watu, nami nikawamo. Nilikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, na baba yao alishatangulia mbele ya haki. Nikasikia kuna kampuni inayotafuta dhahabu porini upande wa Geita, inahitaji mpiga chapa. Watoto nikawaacha kwa mama yangu kijijini Samuye, nikafunga kanga zangu, nikaenda. Ada ya shule ya wale watoto wawili ilikuwa inanitegemea mimi peke yangu. Mlijue hilo kabla sijaendelea, maana woga wangu wote ulikaa hapo.

Kambi ilikuwa mahema na makontena. Mashine za kuchoronga zilitoboa ardhi kutwa, zikitoa vipande virefu vya mwamba. Kila kipande kilipewa namba, kikapelekwa maabara Mwanza, na majibu yakarudi kwenye disketi. Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza kwenye kompyuta: namba ya sampuli, kina ilikotoka, dhahabu iliyomo. Disketi zilikuwa adimu, kwa hiyo tukishaingiza majibu tunazifuta na kuzirudisha zikatumike tena. Mnaona hatari ilipokuwa? Sisi wakati ule hatukuiona.

Majibu yote yalikaa kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotunza kazi za wenzake. Mjiolojia Mkuu, mzungu mpole mwenye ndevu nyekundu, alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux. "Mama, hii ni bure na haili sana," alinitania, akimaanisha inaridhika na mashine dhaifu kama yetu. Haikuwa na picha za kubonyeza. Kioo cheusi tu na maandishi meupe, nawe unaandika amri, mashine inatii. Siku ya kwanza niliangalia kile kioo nikajisemea, loh, huyu mzungu ametuletea kaburi lenye umeme.

Mkataba wake ulipokwisha akaondoka. Meneja wa Kambi, mtu wa amri aliyezungumza kama yuko gwarideni, akaniita ofisini.

"Mama Kulwa, nakupeleka kozi Dar. Ukirudi, ile mashine ni yako."

"Bosi, mimi ni mpiga chapa."

"Ulikuwa. Na mashine ikifa, ufungashe. Sitaki kuzungushana."

Kozi ilikuwa fupi na darasa limejaa vijana waliobonyeza haraka kuliko nilivyoweza kusoma. Mwalimu alitufundisha kuingia kama root, yaani mzizi, yule mtumiaji mwenye ruhusa zote. Akatuonyesha amri ya kufuta isiyokuuliza mara mbili. Nikauchukia huo mzizi hapo hapo. Mtu gani ananipa mimi panga la kukatia nyumba nzima? Nusu ya masomo ilinipita juu ya kichwa. Lakini siku moja yule mwalimu aliweka chaki mezani, akasema, "Diski ikiumwa, usiitibu kabla hujainakili. Dawa ikiwa kali kuliko ugonjwa, utarudi wapi?" Akatufanyisha zoezi hilo tena na tena mpaka vijana wakalalamika. Mimi sikulalamika. Lile nililiweza.

Niliporudi, Meneja alitupia cheti changu kwenye droo bila kukisoma. "Karatasi si kitu," akasema. "Nataka mashine."

Sasa niwaeleze kuhusu radi. Mtu aliyekulia Usukumani hahitaji kufundishwa kuiogopa. Wingu likipanda, kioo kinafunikwa, nguo nyekundu inavuliwa, redio inachomolewa, na watoto wanakaa kimya ndani. Kambini kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Masanja, mlinzi wetu, ambaye akisikia ngurumo alikwenda moja kwa moja kushusha swichi kuu. Kwa friji na redio ya mawasiliano hiyo ilikuwa salama. Lakini Linux ya enzi zile ukiikatia umeme ghafla iliumia, kwa sababu huwa inashikilia kazi mkononi kabla ya kuiweka kwenye diski. Ilitaka kuagwa.

Tukapatana, mimi na yeye. Akiona wingu, agonge rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti kama kengele. Mimi nitaizima mashine kwa amri yake, nitoke mlangoni nipunge kanga, ndipo ashushe swichi. Alicheka sana. "Yaani mayu, hiki kidude kinaagwa kama mkwe?" Mayu kwa Kisukuma ni mama, ingawa mzee yule angeweza kunizaa. Nikamwambia ndiyo, bhabha, yaani baba, kama mkwe. Msimu mzima wa mvua tulifanya hivyo na hakuna kilichoharibika.

Mpaka alasiri moja. Nilikuwa jikoni napakuliwa ugali, na juu kuna wingu dogo tu la kudharau. Radi ikapiga bila salamu, ikapasua mti ule ule uliobeba rimu. Niliangusha sahani. Nilipoinua uso, Mzee Masanja alikuwa ameshafika kwenye swichi, na kambi nzima imezimika.

Alinijia mbio. "Mayu, rimu haikufikika. Moto ulikuwa pale pale. Nimekuua?"

"Hujaniua, bhabha," nikamjibu.

Mvua ilipokatika tukawasha. Kile kioo cheusi kikaanza kumwaga maandishi, mstari juu ya mstari, halafu kikasimama. Kikasema diski ina majeraha, haiwezi kuendelea, niikague mwenyewe kwa amri iitwayo fsck. Amri hiyo hupita kwenye diski ikitafuta kasoro, na kwa kila kasoro inakuuliza: nirekebishe, ndiyo au hapana?

Meneja akaingia. Akasimama nyuma yangu.

"Imekuwaje?"

"Inaumwa, bosi."

"Makao makuu wanataka majibu ya msimu kesho. Inasemaje hapo?"

"Inataka niruhusu ikarabatiwe."

"Si uiruhusu? Bonyeza ndiyo!"

Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi. Jamani, niwaambie ukweli, nilikuwa nataka kubonyeza. Mtu akisimama nyuma yako hivyo unataka tu aondoke. Nikawaona Kulwa na Doto wamerudishwa nyumbani, sare zimekunjwa. Nikikataa na mashine ikafa, nimefukuzwa kwa kiburi. Nikikubali na mashine ikafa, nimefukuzwa kwa utii, na majibu ya watu wote waliochoronga jua na mvua yamekwenda.

"Ngoja, bosi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nanakili kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa. Tukiitibu vibaya, hakuna pa kurudi."

"Mama Kulwa, mimi nimekuambia ubonyeze!"

Sauti yangu ilikuwa nyembamba, najua, lakini ilitoka. "Umenipeleka kozi wewe mwenyewe, bosi. Kama ni kubonyeza ndiyo tu, hata Mzee Masanja angebonyeza. Ngoja."

Nilifikiri atanipiga kibao. Akavuta kiti, akakaa, na kule kukaa tu kulinipa pumzi. Kabatini mzungu alikuwa ameacha diski ya akiba ndani ya soksi ya sufu. Nikaifunga kwenye mashine, nikaiwasha kwa disketi ya dharura, nikaanza kunakili, huku Mzee Masanja mlangoni akilinda wingu na sufuria ya mboga mkononi, tayari kuigonga maana rimu haikuwepo tena.

Nakala ilipokamilika ndipo nikaanza ukaguzi. Nilipojibu ndiyo kwa zile kasoro, majina ya mafaili mengi yakapotea. Meneja akashika kichwa. Ningekuwa sina nakala, ningezimia pale pale. Lakini Linux ina chumba chake cha vilivyookotwa, na humo nikakuta vipande visivyo na majina, namba tupu. Nikavifungua kimoja kimoja, nikisoma ndani kujua ni shimo lipi, na vilivyokatika nikavichimbua kwenye nakala. Majibu yote ya msimu yakapatikana. Meneja alisimama, akasema, "Haya," akatoka. Hilo tu. Mzee Masanja ndiye aliyesema, "Wabeja, mayu," asante, kama vile ni yeye niliyemwokoa. Na labda ndivyo, maana kesho yake hakuna aliyeuliza nani alishusha swichi.

Kampuni ile ilifunga kambi baadaye, dhahabu ya pale haikutosha. Kozi yangu haikuzuia nisipoteze kazi tena. Nilikwenda hospitali, kisha ofisi ya serikali Shinyanga, na kila mahali Mkuu wangu mpya aliuliza cheti, akakiweka kwenye droo. Kwa hiyo mkiniuliza kama mafunzo yanasaidia, nasema amri nyingi nilizofundishwa zimeshakufa, na hakuna cheti kilichowahi kunilinda nisipunguzwe kazi. Kilichonilisha ni lile zoezi moja walilolalamikia vijana, na neno moja nililoweza kumwambia bosi kwa sababu yake.

Mapacha walisoma. Doto sasa yuko Mwanza, anatunza kompyuta za watu. Juzi alinipigia simu mchana, sauti ya chini kama ya mtu anayejificha.

"Shikamoo mama. Seva imegoma. Meneja amesimama nyuma yangu, anasema nibonyeze tu."

"Marahaba. Umenakili?"

"Bado, mama."

"Mwambie angoje."

"Mama, naogopa."

"Najua, mwanangu. Mimi pia niliogopa. Mwambie."

Hakukata simu. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti nyembamba, ile ile yangu, "Bosi, ngoja kidogo." Nikasikia kiti kikivutwa.