Faru wa Pembe Moja na Posa Yangu Iyunga

Nilikwenda Iringa kwa sababu ya faru. Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, nami nilikuwa nimepeleka posa Iyunga kwa Mzee Ambilikile, baba yake Tusekile. Katika maongezi nikasema kwamba nilipokuwa askari, tukipelekwa Burma kupitia Asamu, nchi ya Wahindi, niliona faru mwenye pembe moja.

"Mimi nimewinda Usangu," Mzee akasema. "Faru ana pembe mbili. Anayedanganya juu ya mnyama atamdanganya na binti yangu. Lete ushahidi kabla ya Pasaka."

Fundi cherehani mmoja akaninong'oneza kuwa Iringa yuko Mhindi mwenye duka ambaye mama yake alizaliwa Asamu. Nikapanda basi.

Siku ya kwanza, Chimala, tulishuka wote kulisukuma basi kwenye matope. Mama mmoja wa Kibena akaniuliza ninafuata nini Iringa. Nilipomweleza alicheka mpaka akaacha kusukuma. "Wenzako wanapeleka ng'ombe ukweni, wewe unapeleka faru!"

Siku ya pili, alasiri, tukafika Iringa. Bibi mwenyewe nilimkuta nyuma ya duka akichagua mchele.

"Ulimwona kweli?" akauliza.

"Nilimwona, mama. Hata mgongo nilimshika."

Akanitazama juu ya miwani. "Ungemshika, usingekuwa na mkono wa kunisalimia. Faru wa kwetu akigombana hutegemea meno kuliko pembe. Anang'ata."

"Nilimwona kwenye dirisha la treni," nikakiri.

Hapo akafurahi. Akanieleza jinsi ngozi yake inavyokunjamana kama mabati yaliyopandana, anavyoogelea mto mpana, na anavyorudi kunya palepale walipokunya wenzake. Kisha akatoa picha aliyopiga baba yake: faru ndani ya maji, pembe moja puani.

"Utanirudishia. Ila mashariki zaidi, msituni, yuko faru mwingine, mdogo, ana manyoya na pembe mbili. Huyo usimtaje ukweni."

Niliporudi Iyunga, wazee wa kanisa walikuwa wameshakaa kwa Mzee kungoja ushahidi wangu. Mzee Ambilikile akaitazama picha, akaigeuza na nyuma kutafuta pembe ya pili. Wenzake wakaanza kukohoa kwa kuficha kicheko. Uso wake ukawa mzito, nami nikaogopa: mzee aliyeaibishwa hakosi sababu nyingine ya kukunyima binti.

"Huko kote," akauliza kwa sauti ndogo, "hakuna hata mmoja mwenye pembe mbili?"

Ningeweza kukana. "Yuko, baba. Tena ana manyoya."

Akaruka kutoka kitini. "Si nilisema!"

Posa ikapokelewa siku hiyohiyo. Picha niliirudisha kwa posta, pamoja na barua ya kumwomba bibi radhi kwa kutomtii. Nilijifunza kwamba kuwa mkweli hakukunitosha kupata mke, mpaka nilipomwachia na mkwe wangu kipande cha ukweli ajivunie.