Nyumba Iliyohama na Udongo Wake

Nianze kwa kukiri jambo moja, maana wapo watu kijijini kwetu Kirushya wanaolijua na watalisema hata nikinyamaza: kiwanja cha Leonsia nilikitaka mimi.

Kilikuwa cha tatu kutoka njia panda, mkono wa kulia ukitokea Kanazi, na kila aliyekwenda kuteka maji alipita mbele yake. Wakati huo nilikuwa nachuuza chumvi, viberiti na sindano kwa baiskeli. Mchuuzi hana muda wa kutazama vilima. Anatazama mahali watu wanaposimama, na watu walikuwa wanasimama pale. Tatizo ni kwamba pale palikuwa na nyumba ya mianzi na udongo, na ndani ya nyumba hiyo palikuwa na Leonsia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na udongo kwenye kucha hata Jumapili kanisani. Mumewe, Bizimana, alikuwa fundi wa kusimamisha nguzo na kufuma mianzi. Yeye alikuwa mkandikaji. Kwetu kazi hizo ziligawanywa hivyo, mwanamume mifupa ya nyumba, mwanamke nyama yake. Bizimana alipofariki mwaka wa sabini na moja, watu walidhani Leonsia atabaki na nusu ya kazi. Akabaki na kazi yote, na mtoto mmoja wa kiume, Ansbert, na shina la mianzi bondeni ambalo Bizimana alilibeba begani likiwa mzizi tu, kutoka upande wa Rusumo.

Nilimfahamu vizuri mwaka wa sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini. Amri ilikuwa kila mtu atoke mashambani aje kando ya barabara. Wengi walivunja paa, wakachukua milango na vyungu, wakaacha kuta zisimame peke yake. Leonsia alianza na kuta. Alikata kamba za mgomba fundo kwa fundo, akatoa mianzi, akaifunga mafungu. Kisha akachukua jembe, akaubomoa udongo wenyewe na kuujaza kwenye matenga.

Nimpaye, jirani yake, alishika kiuno akacheka mpaka machozi. "Mama Ansbert! Unahamisha udongo? Huko barabarani Mungu hakuweka udongo?"

"Aliuweka," Leonsia akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini ule haujanizoea."

Mimi nilikuwa napita na baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, Audax. Baiskeli yako inabeba nini leo?"

"Chumvi kidogo tu."

"Basi ina nafasi."

Tukapatana. Nilidhani nimepata: nibebe matenga mawili matatu ya udongo mpaka kwenye kiwanja kipya, naye anifumie tenga la kubebea bidhaa. Sikuuliza matenga ni mangapi. Nilibeba udongo siku moja na nusu, nikipanda kutoka bondeni huku nimeinamia usukani, na wanawake wa kijiji kizima wakinipigia vigelegele. Tangu siku hiyo sijapatana na mtu bila kuuliza idadi.

Nilipolalamika alinieleza, na maelezo yake yalikuwa ya mtu anayejua mali. Udongo ule ulikuwa wa kichuguu. Miaka kumi na moja nyuma aliukanyaga pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, akauacha uoze mpaka ukanuka, ndipo akakandika. "Udongo mpya hupasuka," alisema. "Huu umeshapasuka nyufa zake zote. Ukiloweshwa tena unakaa kimya." Nyumba yake ikawa ya kwanza kukauka katika kijiji kipya. Ya Nimpaye ilipasuka kama kisigino cha mkulima, na Leonsia akaenda kumzibia nyufa bila kumkumbusha lolote. Alichofanya ni kuimba wakati wote anaziba, tena kwa sauti.

Kwa hiyo naye alikipenda kiwanja kile, na alikuwa na haki nacho. Lakini mwaka wa sabini na saba halmashauri ya kijiji ilipitisha kwamba nyumba zote zinazotazama barabara ziwe za matofali ya kuchoma na bati. Muda ulikuwa mpaka mwisho wa sabini na nane. Asiyeweza angepewa kiwanja mstari wa nyuma, kule mteremkoni, na kile cha mbele kingepewa mwenye uwezo. Mwenyekiti wetu, Privatus, hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kijiji chake kionekane vizuri na watu wanaopita kwa gari. Mimi niliandika barua ya maombi wiki ileile.

Leonsia alijua. Kijijini barua haifiki kabla ya habari zake. Hakunigombeza. Aliendelea kuninunulia chumvi, ila akawa anaipima kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka huohuo nilijenga kibanda cha muda jirani na njia panda. Nilikuwa na haraka, nikakata mianzi ya mtu wa Kanazi, mibichi, katikati ya mvua. Leonsia alipita, akagonga mmoja kwa kifundo cha kidole.

"Umekata lini?"

"Juzi."

"Bado imejaa utamu. Wadudu watakushukuru."

Yeye hukata mianzi wakati wa kiangazi tu, iliyotimiza miaka mitatu, kisha huilaza kwenye maji ya bonde wiki nyingi, imekandamizwa kwa mawe, mpaka utamu uishe. Baadaye huikausha kivulini. Niliona ni kupoteza muda. Miezi minane baadaye kibanda changu kilianza kunyunyiza unga mweupe laini juu ya chumvi, kutwa kucha, kama kinu. Wateja waliniuliza kama chumvi yangu nachanganya na muhogo.

Sasa tufike sabini na nane. Mwezi wa tisa kijiji kilifyatua matofali kwa ajili ya chumba cha kujifungulia, maana tulikuwa tumeletewa muuguzi mkunga, dada mmoja anayeitwa Restuta, naye alikuwa anazalisha wanawake katika stoo ya majembe na mbolea. Mkubwa wake alishaandika: chumba kisipokuwa tayari kabla ya Krismasi, Restuta anahamishiwa kijiji kingine. Matofali yalipangwa uwanjani yakisubiri lori la kuni za tanuru, na lori hilohilo lingeleta bati.

Mwezi wa kumi vita vikaanza. Lori likaenda vitani. Mwezi wa kumi na moja Ansbert naye akaenda, pamoja na mgambo wenzake. Siku ya kuondoka aligonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango, kama kila siku, kwa kuwa alikuwa mrefu na mama yake alikuwa amejenga kwa kipimo chake mwenyewe.

"Nikirudi, mama, nitafyatua matofali, tutajenga mlango wa watu."

"Wewe rudi tu," Leonsia akasema. "Mlango utakukuta."

Sasa hapo ndipo ilipokaa shida yake yote. Alikuwa amemwahidi mwanawe kwamba ataikuta nyumba pale, na ilibaki mwezi mmoja tu aondolewe.

Halafu mvua ikaja. Majani ya migomba tuliyofunikia matofali mabichi hayakufaa kitu. Kwa siku nne yalilainika, yakaegemeana, yakalala. Siku ya tano uwanjani palikuwa na kilima kimoja cha tope, na Privatus amesimama mbele yake na mwavuli kama mtu aliye msibani.

Leonsia alishuka, akavua kandambili, akaingia kwenye tope mpaka magotini. Alichukua donge, akalisokota kati ya viganja mpaka likawa jembamba kama mkia wa panya, akalining'iniza. Halikukatika.

"Udongo mzuri," alisema. "Umeshakanyagwa, umeshaoza. Mtu anataka nini zaidi?"

"Nataka chumba, Mama Ansbert," Privatus akasema. "Sina bati, sina kuni, sina vijana. Nina tope."

"Una tope na mimi nina mianzi."

Hilo lilikuwa kweli. Chini ya upenu wake ilikuwapo mianzi zaidi ya mia mbili, aliyoikata mwezi wa saba na kuitoa majini mwezi wa tisa, mikavu, inayolia kama kengele ukiigonga. Alikuwa ameiandaa kwa ajili ya ukuta wake wa nyuma, ambao ulikuwa umeanza kubonyea.

Privatus akafikiri kidogo. "Tunaweza kukata mingine pale bondeni. Shina ni kubwa. Kesho wanawake watakata."

"Katika mvua hii? Nenda kamwulize Audax habari za chumvi yake."

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini?

"Basi toa hiyo mikavu," Privatus akasema. "Kijiji ni kujitolea, mama. Wewe unalijua hilo."

"Nitajitolea. Mianzi najitolea, mikono najitolea, na kufundisha wanawake hawa kufuma najitolea. Na wewe, Privatus wa Rozalia, ujitolee karatasi."

Alipomwita kwa jina la mama yake, tulijua kazi imeanza. Karatasi aliyoitaka ilikuwa moja: kwamba nyumba yake ibaki pale ilipo, na ukuta wake wa udongo. Privatus alikataa. Akasema utaratibu ni utaratibu. Leonsia akasema sawa, akaanza kuvaa kandambili. Restuta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na aproni yake, akasema kwa upole kwamba ana wajawazito saba, na waume wa wanne wako vitani. Privatus akakunja mwavuli mvua bado inanyesha. Akaenda ofisini.

Aliporudi alimkabidhi Leonsia karatasi, naye hakujua kusoma. Alitazama watu wote waliokuwapo, halafu akanipa mimi.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "unajua niliandika barua."

"Ndiyo maana. Wewe unakitaka kiwanja hiki. Kama kuna tundu katika karatasi hii, hakuna atakayeliona haraka kama wewe. Soma."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na mhuri umekaa mahali pake. Ilisema nyumba ya Mama Ansbert haitaondolewa *kwa kipindi chote cha vita*.

Tundu lilikuwa hapo, kubwa, la kupitisha baiskeli na mzigo wake. Vita vingekwisha, na siku ya pili yake barua yangu ingetolewa kwenye faili. Nilichohitaji ni kusema "iko sawa." Watu watauliza kwa nini sikusema hivyo, na wengine wameniuliza wakitaka nitoe machozi. Sina. Nilipiga hesabu ya mchuuzi: mtu aliyeniamini kwa sababu ananijua nilivyo, nikimdanganya mara moja, sitampata tena wala sitampata mwingine kama yeye.

"Inasema mpaka vita viishe," nikasema kwa sauti. "Vikiisha, unaondoka."

Leonsia alimgeukia mwenyekiti. Privatus akatazama kiatu chake, akachukua kalamu, akafuta. Lakini mwanamume hataki kushindwa mbele ya wanawake wote wa kijiji, kwa hiyo badala ya maneno aliyofuta akaandika: *mradi ukuta umesimama*. "Ukianguka, mama, hakuna mjadala."

"Ukianguka," Leonsia akasema, "nitahama mwenyewe, na safari hii udongo nitakuachia."

Chumba kilijengwa kwa siku kumi na tisa. Msingi wa mawe mpaka gotini, ili maji ya mvua yasirukie ukuta. Nguzo zilichomwa miguu kwa moto kabla ya kufukiwa. Mianzi ilipasuliwa, ikafumwa ndani na nje, na wanawake wakajaza matofali yaliyoyeyuka katikati, wakipiga donge kwa mkono mzima. Paa likawa la nyasi, na upenu ulikuwa mpana hivi kwamba mtu angeweza kukaa chini yake mvua ikinyesha asilowe. Leonsia alizunguka akigonga, akikwaruza, akisema, "Hapa umekandika kama unapaka mtoto mafuta. Piga! Ukuta haulii." Mimi nilibeba maji. Sikupatana malipo, na idadi ya ndoo sikuuliza. Restuta alihamia humo siku tisa kabla ya Krismasi, na mtoto wa kwanza alizaliwa humo kabla ukuta wa ndani haujapakwa samadi.

Mianzi yote iliishia pale. Ukuta wake wa nyuma ukabaki umebonyea, na mvua za masika zilikuwa zinakuja. Aliutegemeza kwa miti miwili na kila asubuhi aliukagua kabla ya kunawa uso. Ilikuwa hatari kweli: ungeanguka, na karatasi ingekuwa ya kuwashia moto. Mwezi wa tatu wanawake sita aliowafundisha walikuja bila kuitwa, Nimpaye mbele, wakabomoa kibanda changu (mimi niliruhusu, kilikuwa unga mtupu), wakatoa miti michache iliyofaa, wakaongeza na matete, wakashona ukuta ule kwa siku mbili. Nimpaye aliimba wakati wote.

Ansbert alirudi katikati ya mwaka wa sabini na tisa, amekonda, na begi moja. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, akagonga kichwa. Leonsia alikuwa ndani anamenya ndizi. Alisikia ule mgongano, akasema tu, "Inama, baba," ndipo akaanza kulia.

Mimi nilipewa kiwanja cha upande wa pili wa barabara, ambapo watu hawasimami sana. Duka langu alilijenga Leonsia, kwa mianzi iliyolala majini wiki nilizotaka na wiki ambazo sikuzitaka. Halijawahi kunyunyiza kitu. Na kila mwaka baada ya masika nilikuwa nakaa mlangoni mwangu kumtazama Mwenyekiti Privatus akivuka barabara, akikunja mikono ya shati, akiweka viganja viwili kwenye ukuta wa Leonsia na kuusukuma kwa nguvu zake zote, huku mwenye nyumba amesimama kando na kibuyu cha pombe ya ndizi, akisubiri amalize ampe kinywaji.